Anti, kanisa letu linajenga kando ya mto na mimi ndiye nasomea mazingira

Bwana asifiwe Anti,

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa tatu nasomea sayansi ya mazingira kwa chuo kimoja cha kikristo hapa Nairobi, jina la chuo nitaliacha na la kanisa pia, utaniwia radhi. Saa hii ni usiku nimejifungia chumbani juu sitaki mtu wa nyumbani aone naandika nini.

Nilipomaliza fomu foo baba alikua anataka nisomee uuguzi, nikakataa nikasema mazingira, akasema sawa lakini utaenda chuo cha watu wa Mungu, si huko kwingine kwa migomo. Baba ni fundi wa maji, anaweka mabomba kwa majumba, pesa yake leo iko kesho haiko, kwa hivyo fii ya semista ya kwanza kanisa ndilo lilinichangia. Harambee kabisa Anti, Jumapili baada ya ibada, mama za kwaya wakatoa mia mia, mzee mmoja akaleta jogoo akapigwa mnada mara tatu. Hiyo siku siwezi kuisahau na ndiyo inanikaba koo mpaka leo.

Sasa shida. Kanisa letu limekua la mabati miaka yote, mwaka jana tukapata ploti bei nzuri tukashangilia, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Ploti iko kando ya mto. Mimi nilikua naimba tu na wengine, sikufikiria chochote, mpaka semista hii lekchara akatupeleka mtoni kupima maji, kwanza huko juu karibu na mahali mto unaanzia halafu huku chini mtaani kwetu. Huko juu ukiinua jiwe unapata wadudu wadogo wenye mikia mitatu, hao maji machafu hawayawezi. Huku kwetu tulipata minyoo myekundu tu, ile inavumilia hata maji yakikosa oksijeni, na mita ya oksijeni ilishuka mpaka nikadhani betri imeisha. Halafu lekchara akatuonyesha alama ya matope kwa ukuta wa nyumba moja, iko juu ya kichwa changu, akasema maji ya mafuriko ya 2024 yalifika hapa. Nikageuka nikaona nguzo za kanisa letu ng'ambo. Ziko chini ya hiyo alama Anti.

Jumamosi nikaenda peke yangu nikahesabu, kutoka ukingo wa mto mpaka msingi ni hatua 11. Jioni nikamwambia baba mezani, mama akiwepo na ndugu zangu na shemasi mmoja aliyekuja kula, kwamba sheria inasema mita 30 na hilo kanisa litabomolewa. Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini akasema "tulikupeleka shule uje utushtaki?" akatoka nje. Tangu hapo ni salamu tu. Na Jumapili pasta akahubiri juu ya watu wanaosomea hekima ya dunia, akasema hii dunia itateketea kwa moto hata hivyo, kwa hivyo miti na mito isitusumbue kuliko roho za watu. Sijui kama alinilenga mimi lakini mama aliangalia chini.

Halafu kuna hii ingine. Niko atachimenti kwa ofisi moja ya tathmini za mazingira na wenzangu wa vyuo vya serikali wakiskia natoka wapi wanacheka, ati "huko mnasomeshwa safina ya Nuhu?" Na kwa kweli tuna chapeli ya lazima na lekchara huomba kabla ya kufungua labu. Kwa somo la maadili tulisomeshwa kwamba mwaka 1967 mwanahistoria mmoja Mmarekani, Lynn White, aliandika kwa jarida la Science kwamba Ukristo wa magharibi unabeba lawama kubwa kwa uharibifu wa mazingira. Nilisoma hiyo kitu nikaona tu msingi wa kanisa letu. Binamu yangu anasema nifanye transfa nimalizie chuo cha serikali.

Anti, ninyamaze? Niende NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira? Nihame chuo?

Binti wa Fundi

*

Amina mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili chai yangu ikiwa imeshapoa. Nyinyi watoto mnaandika saa saba usiku maswali matatu kwa mpigo, haya, tuanze na mto, chuo hakiendi popote lakini masika haingojei mtu.

Nikukosoe kwanza kabla sijakutetea. Ulichosema mezani kilikua na ukweli lakini ulikosea mahali na ulikosea hesabu. Mahali unajua mwenyewe. Mbele ya shemasi! Mzee wa kanisa kwa meza yake, mgeni anakula ugali wake, anaambiwa na mtoto wake kwamba sadaka za watu amezitupa mtoni. Hata baba yangu mimi angetoka nje, na baba yangu asingerudi mapema.

Hesabu sasa, na hapa naongea kama mtu aliyefundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 na zile za rasilimali za maji za 2007 hazikusema mita 30 kwa kila mto. Zilisema eneo la kuachwa kila upande lilingane na upana wa mto wenyewe, lisipungue mita 6 na lisizidi mita 30. Yaani mto wa upana wa mita 10 uliachiwa mita 10. Na zile za 2006 zilikutaka uanzie pale mafuriko makubwa kabisa yaliwahi kufika, si pale maji yako leo ukiwa umesimama na raba zako safi. Hizo 30 unazoziskia kila mahali zilipata nguvu 2024, mafuriko yalipokuja serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi wahame. Kwa hivyo hatua zako 11, tuseme ni kama mita 8 kwa mguu wa msichana, zinaweza kuponea kanuni moja na kugonga ingine, na wewe upana wa mto hukuupima. Umepiga hatua kwa miguu ukatoa hukumu! Lekchara wako angekupa nne kwa kumi.

Ila ile alama ya matope, hiyo ndiyo kesi yako yote. Mita unaweza kubishana na mtu mpaka asubuhi, alama iliyo juu ya kichwa chako utabishana nayo vipi?

Sasa nikutetee. Wewe unafikiri hapa kuna vita ya sayansi na Biblia, na nadhani hiyo Lynn White imekuingia vibaya. Mimi naona kamati iliyonunua ploti. Hakuna mtu kwa kanisa lenu anayekataa kwamba mto ulifurika 2024, waliona, pengine wengine wao waliwabeba wazee mgongoni kama sisi huku kwetu tulivyovuta magodoro ya jirani usiku mzima. Lakini pesa imeshatoka, baba yako ameweka sahihi, na bei ya ploti ya kando ya mto huwa nzuri kwa sababu ambayo muuzaji anaijua na hakuisema. Huyo muuzaji ndiye ningetaka kula naye ugali.

Hata pasta, usimwone kama adui. Anahubiri dunia itateketea na huku anajenga kwa mawe ya Ndarugo, mtu anayeamini kweli inaisha kesho hata turubai lingemtosha. Hilo usimwambie, nacheka nawe tu hapa. Mistari ukitaka iko, Mwanzo 2:15 mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na Ufunuo 11:18, kitabu kilekile cha moto wanachokipenda, kinasema Mungu atawaharibu hao waiharibuo nchi. Iweke moyoni. Ukianza kurushiana mistari na pasta utashindwa hata ukiwa na haki, yeye ana maikrofoni.

Rudi kwa baba. Umeniambia ni fundi wa maji halafu ukaendelea na stori kama vile hiyo ni kitu ndogo! Mwanangu, huyo mzee ameishi na maji maisha yake yote. Anajua maji yakizibwa huku yatatokea kule, anajua bomba la inchi nne ukilijaza matope nusu choo cha jirani kitarudisha, anajua kitu ambacho wewe umekisoma semista mbili kwa somo la haidrolojia ukaandika mtihani. Usimpelekee sheria. Nenda naye kazini Jumamosi, mbebee begi, na mkirudi mpitie ule ukuta wa matope, wewe na yeye tu. Mwombe msamaha wa ile meza kwanza, msamaha kamili, usitie "lakini" nyuma yake. Halafu muulize kama fundi: hapa mto umebanwa na ukuta huku na msingi wetu kule, mvua ya 2024 ikirudi maji yataenda wapi? Umwache ajibu mwenyewe. Hata akinyamaza, wewe subiri.

Kuna huyu mama Katharine Hayhoe, mwanasayansi wa hali ya hewa kule Texas, Mkristo, mume wake ni pasta. Mwenyewe anasimulia kwamba walipooana mume hakua anaamini hii mambo ya mabadiliko ya tabianchi, na iliwachukua muda mrefu wakiongea na kuangalia data pamoja mpaka akakubali. Huyo ni mume na mke wanalala nyumba moja. Wewe unataka mzee abadilike kabla supu haijapoa.

Akishaanza kusikiza, sasa ndiyo ulete kazi yako. Kamati yenyewe iandike barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, waje waonyeshe mpaka wa eneo la mto, na soroveya aweke bikoni, zile alama za mpaka. Kamati iombe, si wewe ushtaki, umeona tofauti? Mzee wako anabaki mwenyekiti aliyekua mwangalifu. Kisha uliza kitu ambacho hukuniambia, hiyo ploti ina urefu gani kwenda nyuma? Kwa maana kama ina nafasi huko nyuma pengine kanisa linasogea tu, ule msingi wa mbele wanapata hasara ya nguzo chache, na upande wa mto mnapanda mianzi na miti ya kienyeji (mikaratusi hapana tafadhali, hiyo inakunywa maji kama ng'ombe wa deni). Hasara ya nguzo inauma lakini inalipika. Wakumbushe 2018, Agosti, Ukay Centre kule Westlands na South End Mall Lang'ata zilivyoangushwa na matinga kwa sababu ya mto, wenye majengo yale walikua na mawakili wa nguvu. Kanisa lenu lina jogoo wa mnada.

Na hilo la jogoo nimeona ndilo linakukaba zaidi. Unajiona mtovu wa shukrani. Sasa zile mia mia za mama wa kwaya zilikua za nini, ukasome halafu unyamaze? Walikuchangia usomee mazingira, na hii ndiyo mazingira, iko mita chache kutoka mahali watoto wao watakaa kwa shule ya Jumapili wakiimba.

Umeuliza kuhusu NEMA. Usianze nao. Pia usipost, usitume picha kwa grupu ya WhatsApp ya vijana, hiyo ni kumvua baba nguo sokoni. Baba akikataa tafuta mama mmoja mzito wa kanisa, kila kanisa linaye, yule hata pasta akimwona anarekebisha tai, ama mweka hazina, mwonyeshe ule ukuta pia. Lakini ikifika paa limewekwa, kila mtu ameambiwa kwa heshima na wamekataa, na masika inakaribia, basi utaenda NEMA na WRA na utatoa taarifa, na nitakua nimekutuma mimi. Aibu ya baba yako itapona. Mtoto akibebwa na maji haponi. Natumai hutafika huko, na sidhani utafika, fundi wa maji akiona alama ya maji anaielewa.

Chuo sasa, haraka kidogo. Usihame. Uko mwaka wa tatu, transfa itakula masomo uliyokwisha kupita na pesa ambayo baba yako hana. Wakikucheka na safina waambie Nuhu ndiye mtu wa kwanza kupewa ripoti ya mafuriko mapema akaifanyia kazi, na alipewa vipimo pia, mikono 300 kwa 50 kwa 30, yeye hakupiga hatua za miguu kama mtu fulani.

Na hao wanaocheka nadhani hawajui Wangari Maathai alisomea wapi. Loreto Limuru kwa masista, halafu masista tena, Mount St. Scholastica kule Atchison, Kansas, chuo cha Wabenedikto, akamaliza biolojia 1964. Ndiyo baadaye akaja kupata udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, akaanzisha Green Belt, lile vuguvugu la kupanda miti, 1977, akaizuia ile ghorofa iliyotaka kujengwa Uhuru Park, akapigania msitu wa Karura mpaka ukabaki. Leo mnaenda Karura kupiga picha za graduesheni mnadhani miti ilijilinda yenyewe. Nyumbani kwao Nyeri alikua ameshaambiwa na mama yake asiokote kuni za mugumo kwa maana huo ni mti wa Mungu, kisha akaenda kujifunza kwa darasa jinsi mizizi na maji ya ardhini vinavyohusiana. Alikua na vyote viwili kichwani na havikugombana.

Hata huyo Lynn White soma mpaka mwisho, wanafunzi wengi mnasoma ukurasa wa kwanza mnalia. Alimalizia kwa kupendekeza Fransisko wa Assisi awe mtakatifu wa wanaikolojia, na 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza hivyo. Papa aliyechukua jina hilohilo alikuja hapa Nairobi Novemba 2015, akahutubia pale Gigiri kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kesho yake akaenda mtaani Kangemi. Kama Ukristo una lawama, na unayo kiasi, basi pia una watu wa kuibeba.

Kitu ambacho ningekagua kwa chuo chako ni hiki, na maombi kabla ya labu hayamo: kemia inafundishwa kwa mikono ama kwa ubao? Takwimu umesoma za kutosha? GIS je, ile ya kuchora ramani kwa kompyuta? Vyuo vidogo wakati mwingine vina mita moja ya oksijeni kwa wanafunzi 40, na kama ndivyo kwenu piga kelele kwa mkuu wa idara, huko ndiko kelele zako zinahitajika. QGIS, programu ya hiyo kazi ya ramani, ni ya bure, iweke kwa laptopu ujifunze mwenyewe jioni. Ukitaka leseni ya mtaalamu wa tathmini, NEMA wataangalia digrii, mafunzo na uzoefu, hawataki kujua chapeli ilikua siku gani. Na hiyo atachimenti unayo tayari, kaa karibu na mtu anayeandika ripoti, si karibu na wanaocheka.

Tena, hii shida yako ya mto ni projekti ya mwaka wa nne imekuja yenyewe mlangoni. Upana wa mto, alama ya mafuriko, mteremko, ubora wa maji juu na chini, nani amejenga wapi. Ongea na lekchara.

Ukienda kupima usiende peke yako tena, nenda na ndugu yako, mvae gambuti, ukingo ukilowa unaporomoka bila kukuambia. Na miguu ipumzike, utumie tepu. Baba yako lazima ana tepu nzuri ndefu kwa begi lake la kazi. Mwombe.

Anti